Ukipigwa Tochi Penye Barabara Inayojengwa: Utetezi wa Kweli na Visingizio

(Mada iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo mbele ya madereva wa miradi na wanakamati wa parokia za Musoma, Bunda na Butiama)



Tuliombwa tuzungumzie matumizi ya magari ya miradi. Tungeweza kuzungumzia matairi na mafuta, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotuumiza kichwa kila robo mwaka. Lakini tumechagua jambo ambalo kwa fedha ni dogo, ila limeleta maneno mengi katika vikao vyetu kuliko matairi yote. Nalo ni faini za mwendo kasi katika maeneo ambayo barabara inatengenezwa.

Kila mmoja wetu hapa anazijua barabara hizo. Ujenzi wa lami kutoka Makutano kupitia Butiama kuelekea Nata na Mugumu ulianza katika miaka ya 2010 na ukaenda kwa vipande, kwa miaka mingi. Upande wa Bunda kulikuwa na kazi ya barabara ya kwenda Bulamba na Kisorya, kule tunakovukia kwenda Ukerewe. Na barabara kuu ya kutoka Mwanza kupitia Bunda hadi Sirari haikosi kiraka cha kuzibwa, daraja la kukarabatiwa au bega la barabara la kuchimbwa. Kwa hiyo dereva wa mradi wa maji anayetoka Musoma asubuhi anaweza kukutana na mchepuko, rundo la kifusi, greda na mshika bendera, halafu mbele kidogo akamkuta askari wa usalama barabarani na kile kipima mwendo ambacho watu wote wanakiita tochi.

Tuanze na lililotupata. Dereva wetu mmoja alikuwa amebeba mabomba ya kisima. Katika moja ya barabara za mkoa huu, penye matengenezo, alisimamishwa akaambiwa kwamba amepita kwa mwendo wa zaidi ya 60 mahali panapotakiwa 30. Alishangaa, kwa sababu hakuona kibao chochote cha 30. Alipewa taarifa ya kosa, akaipokea, akaendelea na safari kwa sababu mafundi walikuwa wanamsubiri. Jioni wakati wa kurudi alikiona kibao: kilikuwa kimelala ndani ya mtaro, uso wake chini, kimefunikwa na udongo uliosukumwa na greda. Hakupiga picha. Alitueleza siku iliyofuata, nasi tukasema tutakwenda kuona. Tulikwenda siku ya tatu. Kibao kilikuwa kimesimama wima, kimefutwa vumbi, kinasomeka kutoka mbali.

Faini ililipwa. Dereva alikuwa na utetezi wa kweli kabisa, lakini hakuwa na kitu cha kuuonyesha. Tunakiri kwamba kosa la siku zile tatu lilikuwa letu sisi wa ofisini, wala si lake. Mada hii imetokana na aibu hiyo.

SHERIA INASEMAJE

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito mkubwa, yaani yanayozidi kilo 3,500. Inamtaka dereva atii alama za barabarani zilizowekwa kihalali, zikiwemo zile za muda za maeneo ya ujenzi. Aidha, inampa askari uwezo wa kumwandikia dereva taarifa ya kosa ili alipe faini bila kwenda mahakamani. Hiyo ndiyo ile shilingi 30,000 kwa kosa ambayo wengi wenu mnaifahamu. Kwa bodaboda na bajaji, faini ilishushwa hadi shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Taarifa ile si hukumu. Ni tuhuma, pamoja na nafasi ya kuimaliza haraka kwa kukiri na kulipa. Asiyekubali ana haki ya kukana na kuomba shauri lake lipelekwe mahakamani. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, nao unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi. Dereva hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Anachohitaji ni kuonyesha kwamba shaka ipo na ina msingi.

Msemo wa "lipa yaishe" tunausikia hata kwa wazee wa kanisa. Tunauelewa. Kutoka kijijini Butiama kwenda mahakamani, kusubiri, kurudi tarehe nyingine, ni siku mbili au tatu za kazi, na nauli, na gari limelala. Shilingi 30,000 inaonekana nafuu. Lakini mkumbuke kwamba anayekiri mahakamani hafungui tena mlango wa rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Kilichobaki ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ndiyo maana mahakama zetu tangu zamani zinataka maneno ya anayekiri yaandikwe kama alivyosema mwenyewe, na maelezo ya kosa asomewe ili aseme kama ni ya kweli. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu huo wazi katika shauri la Adan mwaka 1973, na mpaka leo unafuatwa. Dereva akisema, "Ni kweli nilipita kasi, ila kibao hakikuwepo," huko si kukiri. Hakimu makini ataandika kwamba amekana.

Na jambo la lugha lisiwatishe tena. Zamani kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa alitoka mlangoni akiuliza wenzake alichoambiwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sisi watu wa Mara tuna la kujivunia hapo, kwa kuwa Jaji Zephrine Galeba alikuwa Mahakama Kuu hapa Musoma alipoandika hukumu kwa Kiswahili, na Februari 2021 Rais Magufuli alimsifu hadharani kwa hilo akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani.

UTETEZI ULIO WA KWELI

Utetezi wa kwanza na wenye nguvu kuliko wote katika maeneo ya ujenzi unahusu kibao. Ukomo wa 30 haupo hewani. Unaletwa na alama. Kama alama haikuwepo, au ilikuwa imeanguka, imefunikwa na turubai, imezibwa na lori la kokoto, au imewekwa baada ya mahali ulipopimwa, basi dereva hakupewa nafasi ya kuutii. Vilevile kuna suala la mwisho wa eneo. Mara nyingi kibao cha kuanza kipo na cha kumaliza hakipo, au kazi imekwisha wiki nyingi zilizopita na vibao vimeachwa. Dereva ana haki ya kuuliza: eneo hili lilianzia wapi na kuishia wapi, na siku hiyo alama zilikuwa zimesimama?

Lakini sikilizeni vizuri. Kutokuwepo kwa kibao cha 30 kunaondoa 30 tu. Ikiwa ni ndani ya mji wa Bunda, ukomo wa 50 wa maeneo ya makazi unabaki palepale, na aliyekuwa na 70 hana pa kukimbilia. Na hata pasipo na ukomo wowote, dereva anayepita kwa kishindo kando ya watu wenye makoleo anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Shtaka hilo halitegemei kibao.

Jambo linalokaribiana na hilo ni tofauti kati ya kutojua sheria na kutojua hali halisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kutojua sheria si utetezi. Dereva hawezi kusema, "Sikujua kwamba penye ujenzi napaswa kutii 30." Lakini Kanuni hiyo hiyo inamsikiliza mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, hali ambayo kumbe haikuwa hivyo. Dereva aliyekuta koni zimeondolewa, mashine zimeegeshwa pembeni na lami mpya imefunguliwa, akaamini kwamba eneo limekwisha, ana jambo la kumweleza hakimu. Neno la msingi hapo ni sababu. "Nilidhani" peke yake haitoshi.

Utetezi wa pili unahusu kipimo. Tochi ni chombo, na chombo kinaulizwa maswali kwa heshima. Ilipima gari lipi, ikiwa magari mawili yaliongozana au moja lilikuwa linalipita jingine? Askari alisimama wapi, na gari lilikuwa wapi lilipopimwa, ndani ya eneo la matengenezo au kabla yake? Picha inaonyesha namba ya gari, saa, na mahali? Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama inapopokea ushahidi wa kielektroniki huangalia kama njia uliyotengenezwa na kutunzwa ni ya kuaminika. Kanuni hiyo inakata pande zote mbili. Picha uliyopiga kwa simu yako nayo itaulizwa: ulipiga lini, nani alipiga, imetunzwaje. Msiifute baada ya kuituma kwa WhatsApp. Iacheni ndani ya simu iliyopiga.

La tatu linatuhusu sana sisi wenye magari ya taasisi: nani alikuwa anaendesha? Kadi ya gari ina jina la shirika, lakini mwendo kasi ni kosa la mtu aliyeshika usukani. Gari moja la parokia linaweza kuendeshwa na dereva, katekista, fundi, na siku ya msiba mpwa wa mwenyekiti. Halafu deni linaonekana kwenye mfumo, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Tuliwahi kumkata dereva mshahara kwa deni ambalo baadaye daftari la safari lilionyesha kwamba siku hiyo alikuwa likizo. Tulimrudishia na kumwomba radhi. Hali kadhalika, magari yaliyouzwa bila kubadilisha umiliki yanaendelea kumletea madeni mmiliki wa zamani. Kamati zenye magari ya namna hiyo zifuatilie uhamisho wa umiliki mapema.

VISINGIZIO

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi, nayo hayasaidii kitu. "Ilikuwa Jumapili, hapakuwa na wafanyakazi." Kibao hakina Jumapili. Katika jimbo la Texas huko Marekani, kwa mfano, faini ya eneo la matengenezo huongezwa mara mbili pale wafanyakazi wanapokuwepo, kwa hiyo kuwepo kwao ni hoja kubwa mahakamani. Hapa kwetu ongezeko hilo halimo katika faini hii, na hoja hiyo haina mahali pa kukaa. Mchanga uliomwagwa barabarani siku ya Jumamosi unateleza Jumapili vilevile.

"Wote walikuwa wanapita hivyo, hata michomoko." Labda ni kweli, na wote walikuwa na kosa. "Spidomita yangu ni mbovu." Ndugu dereva, hapo umejiongezea kosa la pili, la ubovu wa gari. "Hili ni gari la Kanisa." Hilo tunaomba lisisemwe kabisa.

Gumu kuliko yote ni lile la mgonjwa. Magari yetu hubeba mama wajawazito kutoka vijijini, na hakuna anayeweza kumwambia dereva atembee 30 huku mama anapoteza damu nyuma yake. Hata hivyo gari la mradi si gari la wagonjwa kwa mujibu wa sheria. Halina king'ora, na wale walio barabarani hawajui kilichomo ndani. Tunavyoona sisi, hali hiyo haifuti kosa, bali ni maelezo mazito ya kuomba kupunguziwa adhabu, na askari wengi wenye busara huyasikiliza papo hapo. Dereva awashe taa, apunguze mwendo penye watu, aeleze kwa ufupi, na karatasi ya zahanati ihifadhiwe. Anayetumia habari ya mgonjwa kama uongo, akiwa amebeba saruji, tutamwachisha kazi. Tumeshalisema hilo kwa maandishi.

Mtaona kwamba tunasisitiza ukweli kwa pande zote mbili, na tuna sababu. Tarehe 5 Septemba 2014, pale Sabasaba, Butiama, mabasi mawili na gari dogo yaligongana, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Miongoni mwenu wako waliozika. Na wale wanaoshika bendera nyekundu na kijani kwenye michepuko ni vijana wa jumuiya zetu ndogondogo, waliopata kibarua cha miezi michache. Dereva mwingine alitujia mwaka mmoja baada ya kile kisa cha mabomba, akitaka tumsaidie kukana kwa hoja ya kibao. Safari hii tulikwenda siku ileile. Kibao kilikuwepo, kimesimama, kinaonekana kutoka mbali. Tulimwambia alipe. Alikasirika, akasema mbona mwenzake alitetewa. Tulimjibu kwamba mwenzake hakukiona kibao kwa sababu kilikuwa mtaroni, na yeye hakukiona kwa sababu alikuwa kwenye simu.

LA KUFANYA SIKU ILEILE

Ukisimamishwa, simama vizuri, zima gari, salimia. Usibishane. Uliza mwendo uliopimwa, mahali ulipopimwa, na omba kuonyeshwa picha. Soma taarifa kabla ya kuipokea, uangalie namba ya gari, mahali na saa. Kama hukubali, sema kwa upole kwamba hukubali na ungependa shauri liende mahakamani. Kisha, ukiwa umeondoka pale na umeegesha mahali salama, rudi kwa miguu upige picha za barabara kutoka upande uliotokea, kama macho yako yalivyoona, kuanzia kabla ya eneo. Picha moja ya kibao kilicholala haitoshi. Ionekane kiko wapi. Andika namba ya nguzo ya kilomita, hali ya hewa, vumbi, na majina ya abiria walioona. Jioni hiyohiyo ofisi ipate taarifa, hata kama ni kwa ujumbe mfupi.

Ofisi nayo iandike barua kwa mwenye barabara kuuliza alama zilizowekwa na tarehe zake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua hiyo ina faida ya pili: kibao kilichoanguka kitainuliwa, na dereva anayekuja nyuma yako atakiona. Kwa msaada wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kumweleza dereva haki zake na utaratibu wa mahakama. Watafuteni kabla ya tarehe ya kesi, si asubuhi ya kesi.

Na ile "chai" ya dirishani, ndugu zangu, tusidanganyane. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Dereva aliyetoa shilingi 5,000 ili kuokoa 30,000 ametuletea hatari ya kesi ambayo hakuna mfadhili atakayeielewa. Wala haingii kwenye vitabu vyetu. Mkaguzi wa mahesabu hana safu ya chai ya barabarani.

NANI ANALIPA

Wafadhili wametuuliza hili, na wana haki ya kuuliza. Fedha ya visima hailipi faini, iwe dereva ana kosa au hana. Anayekiri kosa lake analipa mwenyewe. Anayekana kwa sababu tulizozichunguza, ofisi inabeba nauli na siku zake za kwenda mahakamani kutoka mfuko wetu wa ndani, si wa mradi, hata kama hatimaye atashindwa.

Lakini tuongeze neno kwa wanakamati, na mtuwie radhi. Tulipokusanya taarifa za kosa za madereva wetu na kuziweka kando ya ratiba za safari, tuliona jambo ambalo hatukulitegemea. Nyingi ziliangukia siku zilezile ambazo kamati ilitaka gari litoke Musoma, lipitie Bunda kuchukua vifaa, liwe Butiama kabla ya saa nne, ilhali lilikabidhiwa funguo saa mbili na nusu kwa sababu kikao cha kupitisha mafuta kilichelewa. Dereva anayeendeshwa na ratiba ya namna hiyo anapolipa faini peke yake, sisi tuliopanga safari tumemwachia mzigo wetu. Kwa hiyo tumeamua kwamba pale itakapoonekana muda uliopangwa haukuwezekana kwa mwendo halali, aliyesaini ratiba atachangia nusu. Tunajua uamuzi huu haujawafurahisha wote. Mwenyekiti mmoja ameshatuambia.

Fomu mpya za safari ziko mezani kwa katibu. Zina nafasi ya jina la anayeendesha, saa ya kukabidhiwa funguo, na maeneo ya ujenzi yatakayopitwa. Kila parokia yenye gari ichukue vitabu viwili kabla ya chakula. Madereva wabaki kidogo, tujaribu kupiga picha pale nje kwa kutumia kile kibao cha maegesho, kwa kuwa tumegundua wengine wanapiga kidole.